Ziada ipo, hela hakuna

Wiki hii mmeuliza: je, kijana anayetaka kazi ya pesa asome shahada mbili, ya fedha na ya uhasibu, au moja inamtosha? Jibu langu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma swali. Moja inatosha, ya pili ni mzigo. Nalisema kwa uchungu, maana katika ukoo wetu tunachangishana sasa hivi kwa ajili ya jambo hilihili. Binti wa kaka yangu amemaliza uhasibu, yuko nyumbani, ametuma maombi Sekretarieti ya Ajira mpaka amechoka. Sasa anataka kurudi chuoni aanze fedha, mwaka wa kwanza.

Mimi shangazi yake ni mhasibu, na hesabu hiyo kwangu haikai. Ni miaka mitatu mingine ya ada, chumba na chakula. Bodi ya Mikopo nayo inamsubiri, siku akiajiriwa ikate asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Na mlango ambao waajiri wanautazama hauko chuoni, uko NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu. Tangu sheria ya mwaka 1972, bodi ile ndiyo inayosajili wahasibu na wakaguzi wa hesabu nchini, na tangazo la Mhasibu Daraja la II serikalini linadai CPA(T), yaani cheti cha taaluma ya uhasibu kinachotolewa na bodi hiyo, halidai shahada ya pili. Tena mwenye shahada ya uhasibu haanzii chini kule, anasamehewa mitihani ya mwanzo. Na ndani ya mitihani inayobaki, usimamizi wa fedha umo, ngazi ya kati mpaka ya mwisho. Sasa ya nini kulipia kitu kimoja mara mbili?

Nilidhani ningeishia hapo. Lakini tangu jana nimekuwa nikiukumbuka mkutano mmoja, na kadiri ninavyoukumbuka ndivyo ninavyoona kwamba idadi ya shahada si jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni hili: je, ni halali mtu kukalia kiti cha hesabu za watu akijua nusu moja tu, uhasibu bila fedha au fedha bila uhasibu?

Nilikuwa nimemaliza Mzumbe, ninajitolea kwenye SACCOS ya watumishi katika wilaya moja mkoani Morogoro. Wanachama wengi walikuwa walimu, halafu wauguzi na watendaji wa kata. Kazi yangu ilikuwa kupanga vocha na kuandika leja. Mwezi wa nne ukaitishwa mkutano mkuu, kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Ajenda zilikuwa zilezile za kila mwaka: hesabu zilizokaguliwa, mgawanyo wa ziada, yaani faida ya mwaka, makadirio, ukomo wa madeni. Mhasibu wa chama, dada mmoja mtulivu ambaye vitabu vyake havikuwa na shilingi inayoning'inia, akasimama akasoma ziada ya mwaka: milioni 30 na ushee. Wakapiga makofi.

Makofi yalipotulia akasimama mwalimu mmoja, mama wa makamo. "Mwenyekiti, mimi nimeomba mkopo tangu Januari, wa ada ya mwanangu. Naambiwa chama hakina hela. Mtoto amerudishwa nyumbani. Hiyo milioni 30 mnayotusomea iko wapi? Tuonyesheni."

Dada akaeleza. Marejesho ya mikopo yanakatwa kwenye mishahara, na mwajiri ndiye anayetakiwa kuyawasilisha kwa chama. Alikuwa amekata, hajawasilisha, miezi inapita. Lakini riba ya mikopo ile ni mapato halali ya chama kwa mwaka ule, kwa hiyo imeandikwa kuwa mapato, na fedha zenyewe zimekaa kwenye mizania upande wa wadaiwa. Kila neno alilosema lilikuwa sahihi, mkaguzi alishalipitisha. Mama yule akabaki amesimama.

Pakatoka sauti nyuma: basi tukope benki! Tupandishe ukomo wa madeni, tulipe gawio, zinazobaki wakopeshwe wenye shida. Darasa zima likaitikia. Mwenyekiti naye alikuwa ameshaelekea huko, nilimwona anaandika.

Hapo ndipo mzee mmoja mwanachama, aliyestaafu kazi ya benki, alipokwenda mbele akaomba chaki. Akaandika miezi kuanzia Mei hadi Desemba, mmoja chini ya mwingine, upande huu kinachoingia na upande huu kinachotoka. Akaandika taratibu, anauliza wanachama wenyewe: mwezi huu nani wanachukua mikopo, mwezi huu nani wanamaliza kurejesha? Halafu akamgeukia dada: "Mwanangu, makato yatakuja mwezi gani?" Dada hakuwa na jibu. Hakuwa mzembe. Hakuna leja yoyote aliyofundishwa kuifungua ambayo ina mahali pa kuandika jibu la swali hilo. Mzee akaiacha miezi yote wazi upande wa kuingia, kisha akaandika riba ambayo benki ingekitoza chama na pembeni yake riba ambayo chama kinawatoza wanachama. Ya benki ilikuwa kubwa. "Kila shilingi mtakayokopa huko mkaja kuikopesha hapa, mnapoteza. Na mkikopa ili mlipane gawio, mnagawana deni."

Mzee yule ningemsifu tu, kama asingeendelea. Akasema deni la mwajiri lihesabiwe sifuri, ziada ifutwe, watu waambiwe hakuna kitu. Darasa likachafuka. Wapo waliosimama wakidai akiba zao palepale, wajitoe. Na kama mjuavyo, SACCOS ikianza kudaiwa akiba na wanachama kwa mkupuo, mwisho wake ni mmoja.

Aliyekiokoa chama dakika ile ni dada. Alifungua faili akatoa barua ya uthibitisho wa deni, ina saini na mhuri wa mwajiri, imeambatanishwa na orodha ya kila mwanachama na kiasi alichokatwa. Akayasoma majina machache kwa sauti. Watu wakasikia makato yao wenyewe yakitajwa, wakakaa. Deni lilikuwa la kweli, kiasi chake kinajulikana na mdaiwa wake amekubali. Kulifuta kungekuwa kumsamehe mwajiri hela za walimu.

Mkutano uliisha jioni. Gawio halikulipwa taslimu, liliingizwa kwenye hisa za wanachama. Benki hawakwenda. Ukachaguliwa ujumbe wa kwenda kwa mwajiri na ile barua. Kidogo kilichokuwepo kikatengwa kwa mikopo ya dharura, mama yule akapata sehemu ya alichoomba.

Nimeeleza kirefu kwa sababu ndipo wazo langu linapolegea. Chama kile kilikuwa na uwezo wa kumlipa mtaalamu mmoja tu. Mzee alikuwepo kwa bahati, siku ile angefiwa jirani yake asingefika, na walimu wangetoka pale na mkopo wa benki mgongoni. Na nchi yetu imejaa ofisi za namna hiyo: AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya korosho, shule binafsi, duka la jumla Kariakoo. Kiti ni kimoja, na anayekikalia ataulizwa maswali yote mawili, la mkaguzi na la yule mama.

Uhasibu wenyewe nao umesogea. Tangu mwaka 2018, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 9, kinamtaka mhasibu akadirie hasara ya mikopo kabla haijatokea, asisubiri mdaiwa ashindwe kulipa. Lile swali la mzee sasa liko mezani kwa dada. Nami nilisema juu kwamba CPA ina fedha ndani yake. Ni kweli ipo, na niliufanya mtihani ule. Lakini mtu anaweza kuufaulu kwa kukariri kanuni za kutafuta thamani ya leo ya fedha za kesho, bila kuwahi kuuliza fedha hizo zinaingia mwezi gani.

Kwa hiyo kijana asome vyote viwili, nalisema bila kusita. Kinachonikera bado ni kuvilipia kama vitu viwili. Pale Mzumbe uhasibu na fedha viko kwenye shahada moja. IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, ina shahada ya uhasibu na ina shahada ya benki na fedha, kila moja peke yake, na aliyemaliza ya kwanza akianza ya pili atakutana tena na uchumi wa utangulizi, hesabu za biashara na stadi za mawasiliano. Vyuo vingekubali kuyahesabu masomo aliyokwisha kufaulu, binti yetu angehitaji mwaka mmoja na nusu hivi, na mabishano haya ya kifamilia yasingekuwepo.

Kwa hali ilivyo, mchango wangu nitautoa, ingawa nilianza kuandika nikiwa nimekusudia kuukataa. Ila kwanza ajisajili NBAA na akae mtihani wa Novemba. Na kama ada inapatikana kwa kuuza shamba la babu, asiende, atafute SACCOS ajitolee mwaka mmoja. Aliyeanza na fedha akataka kuongeza uhasibu, huyo namwunga mkono kwa wepesi zaidi, maana bila msingi wa uhasibu njia ya kuifikia CPA itakuwa ndefu kwake kuliko ilivyo kwa binti yetu.