Maswali ya Wasomaji: Faiba Mpya, Diski ya Zamani

SWALI: Nina steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimefungiwa faiba ya Mbps 200. Kompyuta ya mezani ninayopakulia ina diski kuu (hard disk) ya GB 500, ile ya kuzunguka, na imeunganishwa na ruta kwa waya. Nikipakua faili kubwa, kasi inafika MB 11 kwa sekunde na kuganda hapo. Fundi anasema diski imezidiwa, ninunue SSD, ile diski isiyozunguka. Ni kweli?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Weka hela yako kwanza. Hiyo 11 inayoganda inaonyesha tatizo lilipo, na haielekei kuwa diski.

Intaneti huuzwa kwa megabiti, lakini programu nyingi za kupakua huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Mbps 200 ukigawa kwa 8 unapata MB 25. Kwa vitendo utaona 22 hadi 24. Diski nzima ya kompyuta ya mezani, inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, huandika faili moja kubwa kwa karibu MB 100 kwa sekunde. Ikikaribia kujaa kasi hushuka, maana mizunguko ya ndani hubeba data kidogo kuliko ya nje, ila hata huko hubaki kama nusu. Faiba yako haijaifikia. Ungekuwa na Mbps 1,000, yaani MB 125, hapo diski kama hiyo ingehema kweli.

Sasa hiyo 11 na ushee. Hicho ndicho kikomo cha muunganisho wa Mbps 100. Kebo ya mtandao ina nyaya 8, yaani jozi 4. Mbps 1,000 zinataka jozi zote. Mbps 100 hutumia mbili tu, pini namba 1, 2, 3 na 6. Jozi nyingine zikikatika, kwa kawaida kompyuta na ruta hushuka zenyewe hadi 100 na intaneti inaendelea kupatikana, ndiyo maana hakuna anayeshtuka.

Hakikisha hivi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha Enter. Bofya Ethernet mara mbili usome palipoandikwa Speed. Ukikuta 100.0 Mbps, chomoa kebo uimulike plagi yake kwa tochi ya simu, kile kiulimi cha kubana kikiwa upande wa chini. Kwa mpangilio unaotumika sana, rangi kutoka kushoto ni chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Angalia hasa bluu na kahawia: mara nyingi zimekatwa, au hazikusukumwa hadi kwenye meno ya shaba. Fanya hivyo ncha zote mbili. Jaribu kebo nyingine nzima ya Cat5e. Speed ikibaki 100, basi tundu la ruta au la kompyuta ndilo lenye kikomo. La kompyuta hutibiwa kwa kadi ya mtandao ya gigabiti, yaani ya Mbps 1,000.

Diski huzidiwa pia, tena kwa sura yake. Fungua Task Manager (Ctrl, Shift na Esc) wakati wa kupakua. Mchoro wa mtandao ukinyooka kama wako, shuku waya au kifurushi chenyewe. Ukipanda na kuporomoka huku Disk ikisoma asilimia 100, hapo diski imeelemewa: Windows hupokea data kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) kwanza, RAM ikijaa upakuaji husubiri diski imwage. Sababu huwa ni vipande vidogo vilivyotawanyika. Kichwa cha diski huhama kama mara 100 tu kwa sekunde, hivyo kwa vipande vya KB 4 kasi huanguka chini ya MB 1. Torenti kadhaa kwa pamoja, kufungua faili za zip, antivairasi na masasisho ya Windows vikikutana, hakuna diski ya kuzunguka inayopona. Pakua kimoja kimoja, fungua zip baadaye.

Disk ikigota asilimia 100 hata kwa faili moja tu, ipime kwa CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski. Kwenye mistari ya C5 na 05, inayohesabu sehemu mbovu za diski, namba ya safu ya Raw Values ikiwa si sifuri, hamisha kazi za wateja siku hiyo hiyo. Hapo SSD ni lazima.

SWALI: Diski yangu ya nje ya TB 2 inaanza kwa kasi, baada ya GB kadhaa inashuka hadi MB 20. Imekufa?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Si lazima. Diski nyingi ndogo za nje huandika mistari iliyolaliana kama vigae vya paa. Data hutua kwanza kwenye eneo la akiba. Likijaa, diski hulazimika kuandika upya mistari ya jirani, na mwendo unakufa. Pakulia kwenye diski ya ndani, kisha hamishia ya nje kwa mkupuo, na uiache imechomekwa kwa muda baada ya kumaliza ili ijipange. Angalia na tundu: USB 2.0 haivuki MB 30 hadi 40. Tundu la 3.0 mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani.