Tia sahihi kwa mifuko uliyoihesabu tu

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Umesema ami yako husafirisha saruji kwa mashua kutoka Mokowe hadi Lamu. Karatasi ilisema mifuko 200, stoo ya kaunti unakofanya kazi ikaingia 170, naye akakutilia "pesa ya chai" mfukoni utie sahihi kuwa yote 200 imefika.

Usitie. Au andika 170 kwa wino, tarehe na jina lako kamili, kisha ipige picha karatasi hiyo. Mkaguzi akija hamtafuti ami. Huangalia sahihi ni ya nani. Na ile 30 iliyopungua ni ukuta wa zahanati wanayojifungulia dada zetu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Sheria ya Kenya ya hongo ya mwaka 2016 inamtaka mtumishi wa umma aliyejua jambo kama hili aripoti ndani ya saa 24, na inamlinda anayeripoti. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina ofisi Malindi.

Lakini najua huhofii sheria, wamhofia ami. Alikulipia karo, na mji mdogo, Ijumaa mtaonana msikitini. Basi mfuate nyumbani usiku huu huu baada ya Isha, umrudishie pesa zake mkononi, umwambie kwa adabu: "Ami, fadhila zako nazijua na sitozisahau, ila hili siliwezi, na sitolificha." Akifoka, mnyamazie. Mama yako mweleze wewe mwenyewe mapema, asije akayasikia barazani.