Ukianza kusoma maasi ya Ufaransa, anza na kodi

Wengi wanaoanza kusoma maasi dhidi ya wafalme wa Ufaransa katika karne ya 16 na 17 hukimbilia kuuliza nani alikuwa maskini na nani tajiri. Swali hilo lisubiri. Tafuta kwanza kodi iliyobadilishwa, mwaka wake, na waliokuwa karibu kunyang'anywa nafuu yao.

Chukua maasi ya Nu-pieds ("miguu mitupu") ya Normandy, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, 1639. Kusema tu kwamba watu walikataa kodi ya chumvi hakutoshi, kwani kodi hiyo haikuwa sawa nchi nzima. Pwani karibu na Avranches watu walikwangua mchanga wenye chumvi, wakaupitishia maji, kisha wakayachemsha kwa kuni hadi chumvi ibaki. Kwa asili, fungu la mfalme lilikuwa robo ya chumvi hiyo. Penginepo Normandy ulilazimika kununua chumvi kwenye maghala ya mfalme kwa bei ya juu mno. Uvumi ulipoenea kwamba nafuu ile inafutwa, wachemsha chumvi, wakata kuni na wachukuzi wote waliona riziki yao inakwenda. Tarehe 16 Julai ofisa Charles Poupinel aliuawa Avranches akidhaniwa ameleta amri hiyo. Hakuwa nayo. Kwa hiyo, uvumi nao uhesabu kama chanzo. Tena usiwaite waasi wote wakulima: makasisi na makabaila wadogo walikuwemo. Jeshi la Gassion, kamanda wa mfalme, liliwavunja mwishoni mwa Novemba.

Maasi ya wakuu yasome kwa namna nyingine. Matangazo yao kwa kawaida humshambulia waziri na kumsifu mfalme. Chora safu mbili: aliyeasi, na alichopata mwishoni. Mwaka 1632 Montmorency, gavana wa Languedoc, alitekwa Castelnaudary tarehe 1 Septemba na kukatwa kichwa Toulouse tarehe 30 Oktoba. Gaston, ndugu wa mfalme, aliyeasi pamoja naye, alisamehewa. Ukoo wa kifalme ulikuwa kinga, na safu zako zitakuonyesha hilo mara nyingi.

Fronde (1648–1653), mfululizo wa maasi dhidi ya serikali ya mfalme aliyekuwa bado mtoto, Louis XIV, huwachanganya wengi kwa sababu huisoma kama tukio moja. Igawe. Mwaka 1648 walioongoza ni mahakimu wa Parlement ya Paris, mahakama iliyosajili amri za mfalme. Kukamatwa kwa Broussel, mmoja wa mahakimu hao, tarehe 26 Agosti kukajaza mitaa vizuizi. Condé, jemadari wa ukoo wa kifalme, aliuzingira mji huo kwa niaba ya mfalme mwaka 1649, akatiwa ndani Januari 1650, na baada ya kuachiwa akawa mwasi. Ormée, kundi la waasi wa mji wa Bordeaux, isome peke yake.

Kuhusu nyaraka, barua nyingi alizopelekewa Kansela Séguier, mkuu wa sheria wa mfalme, zilizoko sasa Saint Petersburg, ziliandikwa na maofisa wa mfalme. Ofisa aliyeshindwa kukusanya kodi alikuwa na sababu ya kudai kwamba kuna kabaila anayewachochea watu, kwa hiyo tafuta ushahidi wa pili. Na kwa matukio ya kabla ya 1564, angalia tarehe: mwaka mara nyingi ulianza Pasaka, hivyo njama ya Amboise ya Machi 1560, ya kutaka kumteka mfalme, utaikuta imeandikwa 1559.