Sumaku ya kwanta na baridi isiyotuliza

SWALI: Natengeneza redio na spika hapa Kizota, Dodoma. Juzi niliweka sumaku ya spika juu ya mkaa ili gundi ilegee. Ilipopoa haikunasa hata msumari. Sasa mwanangu aliye chuo anasema kuna sumaku za kwanta zinazopozwa hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri, na bado hazijipangi. Kama moto unavuruga sumaku, baridi si ingeipanga?

JIBU: Pole na spika, fundi. Kila atomi ndani ya sumaku ni kisumaku kidogo, na majirani hushikana wakaelekea upande mmoja. Joto ni mtikisiko. Likishinda mshikano huo, mpangilio unavunjika. Kwa chuma ni nyuzi 770, kiwango kinachoitwa cha Curie. Yako ilipopoa, atomi zilishikana tena, ila kimafungu, kila fungu na upande wake. Haijafa, inahitaji kutiwa sumaku upya.

Mfano ninaoupenda zaidi ni metali ya gadolini: kiwango chake ni kama nyuzi 20 tu. Kipande kikilala nje hapo Kizota mwezi Julai, alfajiri kingenasa vizuri kwenye sumaku, na mchana jua likikolea kingelegea.

Mpaka hapo hoja yako imesimama. Lakini joto si mtikisaji pekee. Spini, yaani huko kuelekea kwa atomi, ina mtikisiko wake wa kwanta, yaani unaotokana na kanuni za vitu vidogo kama atomi, na huo baridi haiuondoi.

Chukua hebatsmithaiti, madini ya kijani yenye shaba, yaliyogunduliwa Chile. Atomi zake za shaba zimesukwa kwa pembetatu zinazogusana ncha, kama matundu ya tenga. Hapa kila spini inataka kumpa jirani mgongo. Wawili wakishapeana migongo, wa tatu ampe nani? Hakuna jibu, basi mtikisiko wa kwanta unatawala. Mvutano wa majirani hao, ukipimwa kwa joto, ni kama kelvini 190 (kelvini ni nyuzi zinazohesabiwa kuanzia ile 273 chini ya sifuri), ila watafiti wamepoza hadi kelvini 0.05 bila kuona spini zikijipanga. Hali ya namna hii, kimiminika cha spini, mwanafizikia Philip Anderson aliipendekeza mwaka 1973, na wanafizikia bado wanabishana kama madini haya ni yenyewe hasa.

Kwa hiyo maabara hawapozi ili spini zitulie. Wanapoza ili kelele za joto zinyamaze, ile ya kwanta isikike.

Gundi, safari nyingine, ijaribu kwa asetoni. Mbali na mkaa lakini, inalipuka moto upesi.