Punda Amelala Macho Wazi: Kufuatilia Nusukaputi Wakati wa Kuhasi

Mwenye punda akiona macho ya mnyama wake yako wazi, atasema, "Daktari, huyu hajalala." Msaidizi aliyezoea mbwa na paka naye huingiwa na wasiwasi, akakimbilia kuongeza dawa. Ketamini, dawa ya usingizi, haifungi macho. Punda aliyelala vizuri kwa zailazini, dawa ya kutuliza inayotangulia, na ketamini hukodoa, jicho huwa na majimaji, na ukimgusa kope hupepesa polepole. Hapo ndipo tunapomtaka.

Kwanza hesabu. Punda wa Lamu wa kilo 130 anahitaji zailazini miligramu 1.1 kwa kila kilo, yaani mililita 1.4 za dawa ya asilimia 10, kisha ketamini miligramu 2.2 kwa kilo, kama mililita 2.9 za dawa ya asilimia 10 pia. Zote kwenye mshipa wa shingo. Katikati ya shingo ya punda mshipa huo umefunikwa na msuli mnene, kwa hiyo ingia sehemu ya juu na usimamishe sindano kuliko ungefanya kwa farasi. Dawa ikimwagika nje ya mshipa hatalala sawasawa, nawe utadhani kipimo ni kidogo. Usimpe ketamini mpaka kichwa kimeinama na mdomo wa chini umelegea. Ukiharakisha, ataanguka kwa vurugu.

Akishalala, mpe mtu mmoja kazi ya kichwani tu, bila mkasi wala pamba. Avue hatamu, maana buckle ya chuma ikikandamiza shavu huumiza neva ya uso na mdomo ukapinda. Amtie mafuta ya macho, amfunike jicho la juu kwa kitambaa, na afunue anapopima tu. Gunia la mchanga au godoro kuukuu chini ya kichwa linatosha. Chagueni kivuli cha mwarobaini, alfajiri. Mchanga wa saa tano huunguza.

Kila dakika 5 aandike mapigo, pumzi, rangi ya ufizi na jicho. Mapigo yashikwe kwa vidole chini ya ukingo wa taya. Punda mzima akiwa macho hupiga 36 hadi 52 kwa dakika; zailazini huyapunguza na pengine pigo moja moja huruka, hilo lisikutishe. Pumzi nayo huweza kusimama kidogo baada ya kuvutwa ndani, kisha zikaja mbili tatu kwa mfululizo. Ufizi ukibonyezwa, rangi irudi ndani ya sekunde 2.

Namba moja peke yake haisemi kitu. Angalia mwelekeo. Mboni ikianza kucheza kwa kasi huku na huku, machozi yakatiririka, kope zikapepesa bila kuguswa, sikio likageuka au shingo ikatetemeka, anaamka. Na punda huamka haraka kuliko farasi, kwa sababu mwili wake huimaliza ketamini upesi: mara nyingi dakika 10 hadi 15 tu. Ndiyo maana bomba la sindano la kuongezea, nusu ya kila dawa, hujazwa na kuandikwa jina kabla ya kisu kushikwa. Atakayesubiri teke ndipo atafute chupa amechelewa.

Upande wa pili: kope haijibu kabisa, jicho limekauka na kutulia katikati, mkundu ukiguswa haujikunji, pumzi fupi za mbali mbali, ufizi mweupe. Huyo amezama. Acha kuongeza, nyoosha shingo, safisha njia ya hewa. Kioo cha jicho chenyewe usikiguse kila mara; kinakwaruzika, na jibu lake hufifia kwa kuchokozwa.

Kipimo cha kweli huja kamba ya korodani inapobanwa. Lignokeni, dawa ya ganzi, ya asilimia 2, mililita 10 ndani ya kila korodani, hupunguza mshtuko huo sana, na huokoa ketamini.

Akianza kuinuka, acheni kitambaa usoni na msimvute kamba. Baadhi ya punda hutanguliza miguu ya nyuma kama ng'ombe. Msiwashike kwa kudhani wamekosea. Majani na maji yasubiri mpaka asimame imara na kumeza vizuri, ama sivyo tonge litaingia njia ya hewa.