Kereng'ende wembamba wa Kigoma: maswali yenu

Nimemwona kereng'ende mwembamba wa bluu kando ya mto Luiche. Ni aina gani? (Msomaji, Ujiji)

Ndugu yangu, "wa bluu" peke yake haitoshi. Aliyetoka majini asubuhi ya leo huwa amepauka, rangi humkolea anapokomaa, na akifa bluu yake hufifia ikawa kama udongo. Anza na umbo. Kereng'ende mnene akitua hutandaza mbawa. Mwembamba, mara nyingi, huzikunja na kuzilaza juu ya mgongo. Macho yake yameachana, kila moja upande wake wa kichwa, na mbawa za mbele zinafanana na za nyuma. Ukishaona hayo, niandikie tena.

Wa kwetu mtoni ana miguu myekundu na huichezesha mbele ya jike. (Msomaji, Kasulu)

Umenifurahisha sana! Maelezo yako yanamwelekea *Platycypha caligata*, aliyeandikwa kisayansi na Selys mwaka 1853. Dume ana kiwiliwili cha bluu kilicho kifupi kuliko mbawa, na uso uliochomoza kama pua. Miguu yake imetanuka, upande mmoja nyekundu, upande wa pili nyeupe. Akimtongoza jike huelea hewani mbele yake akimpungia ule weupe. Jike ni wa kahawia na madoadoa, hata wengi hudhani ni aina nyingine kabisa. Hutaga ndani ya gogo laini linalooza majini, kwa hiyo nawasihi mnaosafisha mito: takataka toeni, gogo liacheni.

Basi ndiye huyohuyo ninayemwona kwenye mawe ya ziwani, Katonga? (Mvuvi)

Usikimbilie jina, kaka. Ziwa Tanganyika lina ndugu yake, *Platycypha pinheyi*, aliyeelezwa na Fraser mwaka 1950. Hapa ndipo mahali panapokuwa na uzito sawa na mdudu mwenyewe: andika kama ni mto au ziwa, jiwe au jani, jua au kivuli. Kisha piga picha ya ncha ya mkia, kutoka juu na kutoka ubavuni. Mkia una pingili 10, na baada ya ile ya mwisho dume ana koleo dogo la kumshikia jike. Umbo la koleo hilo hutofautiana kati ya aina na aina, na halibadiliki kwa umri kama rangi.

Shikamoo Mwalimu. Anauma? (Mwanafunzi, Kibirizi)

Marahaba, mwanangu. Hana mwiba wala sumu, na anakula mbu. Ukimshika, bana mbawa zote nne pamoja, taratibu, kisha mwachie.

Nikipata asiyejulikana, naweza kumpa jina la bibi yangu? (Msomaji, Uvinza)

Unaweza. *Pinheyi* maana yake "wa Pinhey", yaani Elliot Pinhey, mtaalamu wa wadudu. Jina la mwanamke huishia na *-ae*. Lakini lazima uchapishe maelezo yanayomtenga na ndugu zake, na mdudu mmoja ahifadhiwe makumbusho awe kielelezo cha jina hilo. Si ndoto: mwaka 2015 aina mpya 60 za kereng'ende wa Afrika zilitangazwa kwa mkupuo mmoja. Kibali cha utafiti kitangulie, hasa Gombe, ambayo ni hifadhi ya taifa. Ukishakipata, mdudu hulowekwa kwenye asetoni, mbali na moto, kisha hukaushwa na kutiwa ndani ya bahasha ya karatasi. Mahali na tarehe viandike kwa penseli, maana asetoni huyeyusha wino.