"Yuko poa bosi": maswali yenu ya mbwa, paka na safari

Wiki hii meseji zimejaa watu wa laptopu. Nyie mnaofanya kazi popote penye bando mmekuwa wengi, na kila mmoja ana mbwa au paka aliyemchukua kipindi katulia nyumbani, sasa safari zimeanza ndo ananikumbuka. Haya tuanze.

Kila mwezi nasafiri wiki mbili, mara Arusha mara Kigali. Mbwa namwachia mlinzi na hela ya msosi, nikirudi amekonda. Ni minyoo? (Mbezi)

Inaweza kuwa minyoo, peleka kinyesi kipimwe. Ila ngoja nikwambie ya kwangu. Mwaka juzi niliondoka siku 9, nikamwachia mlinzi hela ya unga na dagaa, kila jioni napiga simu najibiwa "yuko poa bosi, yuko poa kabisa". Narudi, mbwa kaja getini anatingisha mkia, nikamshika ule ukanda wa shingo, nilizoea kuufunga tundu la tatu, siku hiyo hata la tano unapwaya. Na mlinzi hakuwa mtu mbaya jamani, alikuwa hajalipwa mshahara miezi miwili na ana watoto, sasa wewe unampa mtu mwenye njaa hela ya chakula cha mbwa unategemea nini? Toka hapo nanunua chakula mwenyewe, nakigawa kwenye vifuko, kifuko kimoja siku moja, na mlinzi namtumia posho yake kivyake. Na siulizi tena kama yuko poa, naomba video. Nione anakula, nione kinyesi, nione na ufizi, maana ufizi ukipauka ukawa mweupe anaweza kuwa na ugonjwa wa kupe na huo hausubiri ndege yako itue.

Halafu hujaniuliza ila najua umemfunga mnyororo. Mbwa anakaa getini wiki mbili kwenye mnyororo, siku akifunguka anamng'ata mtu, mnaanza kusema ana roho mbaya.

Paka anaweza kubaki peke yake siku tatu nikimjazia bakuli? Si wanajitegemea? (Tegeta)

Hapana. Siku moja sawa, usiku mmoja sawa, zaidi ya hapo mtu aje kila siku, amwangalie kwa macho. Hilo bakuli lako saa nne asubuhi limeshajaa sisimizi (liweke katikati ya sahani yenye maji, mama zetu walikuwa wanafanya hivyo na sukari), maji anayamwaga siku ya kwanza, na kuna wengine ukiondoka wanasusa kabisa. Paka asipokula siku mbili tatu ini linaweza kuanza kujaa mafuta, hasa akiwa mnene, na hapo unazungumzia kumpoteza. Jirani akija dakika kumi inatosha. Mletee zawadi ya safari huyo jirani, acheni ubahili.

Paka ana homa niko safarini, dada wa kazi ampe Panadol nusu?

Paracetamol (ndiyo hiyo Panadol) inaua paka. Hata hiyo nusu. Nimeandika hili mara ngapi?

Mbwa anabweka kila nikiwa kwenye kikao cha Zoom.

Mtembeze kabla ya kikao, mpe mfupa mbichi wa kutafuna (uliopikwa unavunjika vipande vyenye ncha). Na zima maiki.

Nimepata kazi Ujerumani, naondoka baada ya wiki tatu na mbwa wangu. Cheti cha chanjo ninacho, nahitaji nini kingine? (Arusha)

Unahitaji miezi minne, ndugu yangu. Sikutanii. Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi inazoziamini kwa upande wa kichaa cha mbwa na Tanzania haimo, Kenya pia haimo. Kwa hiyo inaanza chipu chini ya ngozi, halafu ndo chanjo ya kichaa, na chanjo iliyochomwa kabla ya chipu hawaitambui, kwa hiyo hicho cheti chako kiangalie tarehe vizuri. Baada ya chanjo zipite siku 30, atolewe damu, ipelekwe maabara wanayoitambua wao waone kama kinga ya kichaa kwenye damu imefika 0.5 IU kwa mililita, na ikifika unahesabu miezi 3 kuanzia siku ile damu ilipotolewa. Juu yake kuna cheti cha afya na kibali cha kumtoa mnyama nchini. Uingereza nao wana utaratibu unaofanana na huo, ila wao mbwa wa kwenye ndege anaingia kama mzigo wa kago, hukai naye kwenye siti.

Kwa hiyo tangulia wewe. Mwache kwa ndugu yako, damu ya mbwa ichukuliwe kwa wakati, atumwe au urudi kumchukua. Akiwa wa pua bapa uliza shirika la ndege mapema, mengi yanawakataa kwa sababu wanakosa pumzi njiani. Na usimpe dawa ya usingizi eti asisumbue. Kuna atakayekwambia anajua mtu airport wa kupitisha fasta. Huyo wa airport yuko upande huu, Frankfurt hayupo.

Kasuku wangu wa kijivu ameanza kujinyonyoa manyoya kifuani tangu nianze kusafiri. Nimpe vitamini? (Mombasa)

Daktari amwone kwanza, inaweza kuwa ngozi au lishe. Ila mara nyingi ni upweke, kasuku anaishi kundini na kundi lake ni wewe, sasa umepotea. Mwachie kwa mtu anayeongea naye, asiwe anafunikwa kitambaa kutwa nzima. Msikaangie karibu naye kwa yale makaangio yasiyogandisha, yakiungua moshi wake unaua ndege haraka sana. Na usifikirie kusafiri naye kienyeji, tangu 2017 kasuku wa kijivu wako Kiambatisho cha Kwanza cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hicho kiambatisho ndo chenye ulinzi mkali kuliko vyote), bila vibali mpakani unampoteza na kesi unapata. Uliyemnunua kwake alikupa karatasi? Nilijua.

Sasa hivi nafanyia kazi nyumbani, nataka mtoto wa mbwa. Safari zipo mbili tatu kwa mwezi.

Usichukue. Mtoto wa mbwa anarudia chanjo kila wiki tatu nne mpaka afike wiki 16, katikati hapo parvo (ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu) inapita naye na wewe uko Dodoma kwenye semina.

Niko Nairobi, mbwa wangu Dar amemng'ata mtoto wa jirani. Kidonda kidogo tu. Mlinzi anauliza ampige huyo mbwa? (Kinondoni)

Hakuna kidonda kidogo cha mbwa. Mtoto aoshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, sasa hivi, halafu hospitali leo leo, sindano amalize zote hata kama kidonda kimefunga. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakuna dawa. Mbwa asiuawe, afungiwe peke yake siku 10 daktari wa mifugo amwangalie. Kadi ya chanjo iko kwenye droo uliyoifunga na ufunguo unao wewe Nairobi, si ndio? Ipigwe picha siku nyingine, ikae kwenye simu ya mlinzi. Jirani mpigie mwenyewe, usimtume mlinzi, na hela ya sindano itume kabla hajaiomba.